Tuzo ya Filamu Bora Huamuliwa na Namba 2

Kila mwaka ifikapo Januari, wapenzi wa filamu hapa Nairobi huniletea orodha zao za utabiri wa tuzo za Oscar, na karibu kila orodha imejengwa juu ya swali moja tu: ni filamu gani imependwa zaidi? Mimi ni mhariri wa filamu, na mijadala hii naipenda kwa dhati, ndiyo maana inaniuma kuona watu wenye macho makali wakikosea kwa sababu ya swali lenyewe. Katika tuzo ya Filamu Bora, filamu yenye mashabiki wengi zaidi inaweza kushindwa na ile ambayo watu wachache tu wameikataa.

Sababu yake iko katika namna kura zinavyohesabiwa. Tangu sherehe ya 2010, Akademia, chombo kinachotoa tuzo za Oscar, ilipopanua kinyang'anyiro hicho kutoka filamu tano hadi kumi, mpiga kura hatii alama kwenye filamu moja, bali huzipanga kwa namba kuanzia ile anayoipenda zaidi. Filamu ikipata zaidi ya nusu ya namba 1, imeshinda. Isipopatikana, ile yenye namba 1 chache kuliko zote huondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yake huhamia kwa filamu inayofuata kwenye karatasi hiyo, na hesabu hurudiwa hivyo mpaka moja ivuke nusu. Mkenya hahitaji kufundishwa mantiki hii. Katiba yetu inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, na asipopatikana wawili wa mbele hurudi debeni kwa duru ya pili. Kura ya Filamu Bora ni mfano wa duru zote kupigwa kwa pamoja, katika karatasi moja.

Februari mwaka jana tulikuwa watu 20 katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja kwenye Barabara ya Ngong, na kwa kuwa mabishano yalikuwa yamepamba moto, niliomba tupige kura yetu wenyewe. Nilichagua filamu nne tu ili hesabu isituchoshe: moja ya muziki, moja ya vita, moja ya familia na moja ya uhalifu. Tulirarua daftari, tukaandika, tukazipanga karatasi mezani katika mafungu manne kati ya vikombe vya chai. Filamu ya muziki ilipata namba 1 kutoka kwa watu 8, ya vita 5, ya familia 4 na ya uhalifu 3. Mashabiki wa muziki walianza kupiga makofi, nikawaomba watulie.

Fungu la uhalifu likaondolewa. Karatasi mbili kati ya zile tatu zilikuwa na filamu ya familia kwenye namba 2, zikahamia huko. Ya tatu ilikuwa na namba 1 peke yake. Mwenyewe, kijana mmoja anayeipenda filamu yake kwa moyo wote, alikuwa amekataa kuziandika nyingine akiamini kwamba anailinda, na karatasi yake ilibidi iwekwe pembeni kwa kuwa haikuwa na pa kwenda. Zikabaki karatasi 19: muziki 8, familia 6, vita 5. Likaondolewa fungu la vita, na kati ya karatasi zake tano, nne zikaenda kwa familia na moja kwa muziki. Familia 10, muziki 9. Filamu iliyoanza ikiwa ya tatu, yenye mashabiki nusu ya wale wa muziki, ikawa imeshinda.

Kisha nilifungua karatasi za wale wanane wa muziki, nikawaonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameligundua: namba 2 zao hazikuwa zimesomwa hata mara moja, kwa sababu filamu yao haikuondolewa mapema. Wanaoamua mshindi ni wale ambao filamu zao zimeanguka. Basi anayetaka kutabiri vizuri aache kuwauliza mashabiki wa filamu inayoongoza, awaulize mashabiki wa zile dhaifu ni ipi wangeipenda baada ya yao.

Ndiyo maana katika msimu mzima mimi hufuatilia zaidi tuzo ya Chama cha Watayarishaji cha Marekani, ambacho nacho hupanga filamu kwa namba, kuliko Golden Globe inayozungumzwa sana redioni. Mwaka 2022, The Power of the Dog iliingia na uteuzi 12, nayo CODA ikiwa na 3 pekee, lakini CODA ndiyo iliyokuwa imeshinda kwa watayarishaji, na ndiyo iliyotwaa Filamu Bora. Kipimo hiki nacho huvunjika: La La Land na 1917 zote zilishinda kwa watayarishaji, zikaanguka mbele ya Moonlight mwaka 2017 na Parasite mwaka 2020. Kwa kuwa Akademia haitoi hesabu za kura, hakuna atakayethibitisha karatasi zilihama vipi, ila Moonlight na Parasite zilikuwa filamu ambazo hata aliyependa nyingine aliziheshimu, na naamini huko ndiko zilikopatia kura zao.

Katika vipengele vingine duru ya mwisho huhesabiwa kwa njia ya kawaida, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Wakiwa watano, mtu anaweza kushinda kwa zaidi kidogo ya moja ya tano ya kura. Waandaaji wa sherehe ya Aprili 2021 huenda walikumbana na hali hiyo. Walihamisha tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kiume ikawa ya mwisho, nafasi ambayo kwa kawaida ni ya Filamu Bora, na wengi wetu tuliokesha tulijiandaa kumlilia Chadwick Boseman, aliyefariki Agosti 2020. Bahasha ilisema Anthony Hopkins, ambaye hakuwepo ukumbini, na matangazo yakakatika ghafla. Aliyekuwa ameangalia BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ambako Hopkins alishinda wiki mbili kabla, hakushtuka sana.

Bado nasikia pia kwamba mwaka 2017, La La Land ilipotangazwa kimakosa kabla ya Moonlight, kura zilibadilishwa jukwaani. Hazikubadilishwa. Wahasibu wawili husimama, mmoja kila upande wa jukwaa, kila mmoja akiwa na seti kamili ya bahasha, na waliotangaza Filamu Bora walipewa bahasha ya ziada ya Mwigizaji Bora wa Kike, tuzo ambayo Emma Stone alikuwa ameipokea punde kwa filamu ya La La Land. Kosa lilikuwa la mkono uliokabidhi.

Kuhusu saa ya kukesha, wengi huamka wakati si wake kwa sababu Marekani hubadilisha saa zao mwezi Machi na sisi hatubadilishi. Sherehe ya 10 Machi 2024 ilianza saa nane za usiku kwetu, na ya 2 Machi 2025 ikaanza saa tisa, ingawa Los Angeles zote mbili zilianza saa kumi jioni.

Swali ninaloulizwa kwa uchungu zaidi ni lini filamu yetu itaingia. Kenya ilipeleka filamu yake ya kwanza, Nairobi Half Life, mwaka 2012, na hadi sherehe ya 2025 hakuna filamu tuliyoipeleka iliyofika katika tano za Filamu Bora ya Kimataifa. Kabla ya tano hizo kuna orodha ya 15, na kabla ya yote kuna sharti kwamba zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza, sharti lililoiondoa Lionheart ya Nigeria mwaka 2019. Sharti hili linatubana sisi wa Nairobi kuliko tunavyodhani, kwa sababu mhusika wetu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Sheng, akaimalizia kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo tunavyosema kweli. Wiki iliyopita nilikaa na mwelekezi kijana kwenye meza ya uhariri, tukaipitia filamu yake tukio kwa tukio na kupima sekunde za kila lugha. Matukio ya mtaani yalikuwa salama. Lile la ofisini, la dakika sita, lilikuwa Kiingereza kitupu, na tuliliacha limefunguliwa kwenye skrini huku yeye akimpigia simu mwigizaji wake kumuuliza kama wanaweza kulirekodi upya.