Kuchunga kupita kiasi ni nini hasa?

Kila kiangazi kikikaza huku kwetu Handeni utasikia maneno yaleyale, kwenye mkutano wa kijiji, kwenye basi, hata barazani baada ya swala: wafugaji wanachunga kupita kiasi, ng'ombe wamezidi. Mwenye ng'ombe naye anajibu mvua imekuwa haba, nyasi zitoke wapi. Wote wana ukweli wao ila hakuna anayeuliza hicho "kiasi" ni kiasi cha nini, cha ng'ombe, cha siku au cha majani? Mimi nimekulia kwenye ng'ombe upande wa Mkata, nimechunga tangu sijaanza shule, na hili jambo nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwahiyo naliandika hapa vile nilivyolielewa.

Tuanze na shina moja tu la nyasi, pori zima tuliache kwanza. Mti unakulia kwenye ncha, mche mdogo ukikatwa kichwa unadumaa. Nyasi sehemu yake inayochipua iko chini kabisa, inagusana na udongo, kwahiyo ng'ombe akipitisha ulimi akang'oa majani ya juu nyasi haipati shida yoyote, inasukuma mengine kutoka chini. Ndo maana nyasi na wanyama wameishi pamoja tangu na tangu, na kuliwa kwenyewe wala sio kosa. Ila yale majani mapya yanataka chakula cha kuyakuza, na chakula cha nyasi kinapikwa kwenye majani jua likipiga. Majani yakibaki ya kutosha yanaendelea kupika. Yakilambwa mpaka chini inabidi nyasi ichote akiba iliyoiweka kwenye shina na mizizi, itoe vijani viwili vitatu laini, na hapo sasa ndo balaa linapoanza, kwasababu vile vijani vipya ndo vitamu kuliko kitu chochote pale porini. Ng'ombe ataruka nyasi ndefu iliyokomaa aje kula shina lilelile alilolikula juzi. Akiba imetoka haijarudishwa, inachotwa tena, na tena, mwisho mizizi inafupika na shina linakufa.

Kwahiyo maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: kuchunga kupita kiasi ni nyasi kuliwa tena kabla haijapona ilipoliwa mara ya kwanza.

Ukiipokea maana hiyo mambo mengi yanabadilika kichwani. Mbuzi mmoja aliyefungwa kamba kwenye kiwanja kimoja mwezi mzima amechunga kupita kiasi, nenda kaangalie ile duara yake utaona udongo mtupu. Na ng'ombe mia mbili waliopita bondeni siku mbili wakaondoka, wasirudi mpaka nyasi imesimama tena, hao hawajachunga kupita kiasi hata kama siku walipotoka pale palionekana kama pamefyekwa. Muda ndo unaoamua sana, idadi inakuja nyuma yake. Nasema inakuja nyuma, sijasema haipo, nitaifikia.

Mtu aliyenionyesha hili kwa macho ni jirani yetu mmoja, mzee wa Kiparakuyo, hawa ambao wengi huku tunawaita Wamaasai tu. Nilimpitia asubuhi moja Januari, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema ero njoo uone kitu. Akachomoa sime akachimba shina moja la nyasi ndani ya olopololi yake, kile kipande kinachozungushiwa miiba karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Kisha tukatembea kama hatua thelathini mpaka kwenye njia ya kwenda lambo, akainama akavuta shina la nyasi ya aina ileile, likang'oka lenyewe bila sime. Akayakung'uta yote mawili gotini akanipa nishike. La kwanza mizizi yake ilining'inia kutoka kiganjani mwangu ikapita kiwiko, na bado ilikuwa imekatika, nyingine imebaki ardhini. La pili mizizi haifiki kidole, imejikunja kama ndevu za mbuzi. Akaniambia, "Hii inakunywa mvua ya leo tu. Ile inakunywa hata mvua ya mwezi jana."

Nilikaa na hayo maneno muda mrefu sana. Maana tunaposema mvua imekuwa haba, nyasi ya mizizi mifupi kwake kila mvua ni haba, maji yakishuka chini ya kidole hayafikii tena, na sehemu kubwa hata haishuki, inateleza juu ya udongo mgumu uliokanyagwa ikaishia korongoni na udongo wenyewe. Mwaka uleule mvua ileile, wa ndani ya uzio ana kijani mpaka mwezi wa pili na wa nje ana vumbi kabla ya krismasi.

Wataalamu nao walishalipima. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani anaitwa Franklin Crider alitoa matokeo ya majaribio yake, alikuwa anakata majani ya nyasi kwa viwango tofauti alafu anafuatilia mizizi inafanya nini. Akikata chini ya nusu mizizi inaendelea kukua kama kawaida. Akivuka nusu baadhi ya mizizi inaanza kusimama, na akikata asilimia 80 au 90 mizizi yote inasimama kukua kwa siku 12 na zaidi. Sio kwamba inapunguza mwendo, inasimama. Hapo ndo ulipopata nguvu ule usemi wa mabwana mifugo, kula nusu acha nusu. Na hiyo nusu ni ya uzito, sio ya urefu, watu wengi wanachanganya hapa: nyasi ni nzito chini na nyepesi juu, kwahiyo ukiona imebaki nusu ya kimo jua bado hujafika nusu ya uzito wake.

Sasa idadi. Hesabu za wataalamu wa malisho ukanda huu zinatumia ng'ombe wa kilo 250 kama kipimo, na ng'ombe huyo kwa siku anakula nyasi kavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo hivi, kwa mwaka inakaribia kilo 2,300. Upande wa nyasi unaweza kupima mwenyewe mwisho wa masika: pima mita moja kwa mita moja, kata nyasi yote, anika mpaka ikauke kabisa, weka kwenye mizani ya duka. Gramu utakazopata zidisha kwa 10 unapata kilo kwa hekta. Rudia sehemu kumi tofauti, nzuri na mbaya, usichague, utafute wastani. Tuseme umepata gramu 200, hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta, nusu unaiacha, inabaki 1,000, kwahiyo ng'ombe mmoja anahitaji hekta mbili na robo kwa mwaka mzima, na ukitoa ya mchwa na ya kukanyagwa anakaribia hekta tatu. Mwenye ng'ombe 60 kwenye hekta 40 hata awazungushe kwa akili ya namna gani hawezi kutoboa, hilo lazima tuambiane ukweli, kuzungusha hakuzai nyasi ambazo hazipo. Ila nimeona pia wenye eneo linalotosha kabisa kwa hesabu na bado pamekuwa jangwa, kwasababu ng'ombe wanatoka mlango uleule, wanafuata njia ileile, wanakula upande uleule wa karibu na maji kila siku ya Mungu, na upande wa mbali nyasi inazeekea pale haijaguswa.

Na hiyo ya kuzeeka nayo ni hasara, maana kupumzisha sio kutelekeza. Nyasi za ukanda wetu wa pwani zinakua haraka zinakuwa ndefu na ngumu, na zikishatoa mbegu na kukauka protini inashuka chini ya asilimia 7, hapo wale wadudu wadogo wa tumboni wanaomsaidia ng'ombe kusaga nyasi wanakosa nguvu ya kufanya kazi, anakula tumbo linajaa na bado anakonda. Kwahiyo kuna dirisha, nyasi imeshapona lakini haijawa kuni. Masika, joto na maji vikiwepo, linafika kama mwezi au mwezi na nusu baada ya kuliwa. Kiangazi halifiki, nyasi imelala, siku tisini za jua kali hazihesabiki kama mapumziko kwasababu hakuna kinachokua.

Tunao mfano mkubwa hapahapa mkoani. Kule Mkwaja, Pangani, kulikuwa na ranchi kubwa sana ya kampuni ya mkonge, ilianza miaka ya 1950 ikafungwa mwaka 2000, na leo eneo lile liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Maelfu ya ng'ombe, miaka karibu hamsini, na vita viwili ambavyo havikuisha, mbung'o na vichaka. Watafiti walioenda kupima mimea ranchi ilipofungwa walikuta alama za ng'ombe bado ziko ardhini, mimea ya karibu na mazizi tofauti na ya mbali, na migunga, ile yenye miiba iliyovimba wanamokaa chungu, imeteka sehemu kubwa ya iliyokuwa mbuga ya nyasi. Vichaka vinafuata nyasi dhaifu kwa njia hii: nyasi yenye afya inagombania maji na mche wa mgunga, na ikikauka ikashika moto ule moto unaunguza miche midogo. Nyasi ikiwa fupi siku zote hakuna mgombaniaji na hakuna moto wa maana, mche unapita kimo cha kuungua, miaka michache una msitu wa miiba ambao ng'ombe hapiti na mbung'o anaupenda.

Nisichokubali ni watu kudhani kwamba mfugaji hakulijua hili mpaka mtaalamu aje. Wamaasai wana alalili, eneo la jamii linalofungwa kipindi cha mvua likasubiri kiangazi. Wasukuma wana ngitili, kitu kilekile, unafunga mvua zikianza unafungua ukame ukikaza, na pale Shinyanga mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulifanikiwa kurudisha miti na nyasi kwa kuisimamisha upya hiyo hiyo ngitili ya wazee. Kilichotokea huku kwetu ni kwamba mfugaji alikuwa anahama, na kuhama ndo kupumzisha kwenyewe, sehemu inapona kwasababu mwenyewe hayupo. Leo huku shamba la mahindi, huku la mkonge, huku la mananasi, huku kiwanja cha mtu wa mjini kina vigingi, bondeni tulipokuwa tunapeleka ng'ombe kiangazi pamegawiwa ekari ekari na hakuna aliyetuuliza. Ng'ombe hawajaongezeka sana kwenye boma letu kuliko enzi za babu, ila wanarudi palepale haraka kwasababu hawana pengine pa kwenda. Inaniuma kusikia mtu anamwita mwenzake mharibifu wakati ameshamfungia milango yote. Sheria ya malisho ya mwaka 2010 inaruhusu kijiji kutenga maeneo ya malisho, na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji ndo mahali pa kuyaandika yakatambulika, kwahiyo siku mpango unajadiliwa wafugaji tufike, tusiwaachie wengine watuchoree ramani.

Sasa ya kufanya kwenye kipande ulichonacho. Waya za umeme sio lazima, mchungaji anayejua anakokwenda anatosha. Sisi tumegawa eneo letu kwa alama zilizopo, barabara ya mkaa, korongo, ule mbuyu, vipande vinne, na tunaamua kurudi kwa kuangalia majani, sio kalenda. Chuchumaa uangalie ncha: jani lililoliwa lina ncha butu kama limekatwa na mkasi, jani zima lina ncha kali. Shina likiwa na butu nyingi na kali moja mbili, halijapona, pita. Likishakuwa na majani matatu manne mapya yenye ncha kali na yamefunguka vizuri, ingiza ng'ombe, na watoe kabla hujaona wanarudia yale mafupi.

Wakati mbaya kuliko wote ni wiki tatu za kwanza za mvua. Kila mtu ana hamu, ng'ombe wamekonda, kijani kimetoka, unafungua zizi wanakimbilia, na ndo wakati nyasi imetumia akiba yake ya mwisho kutoa vile vijani. Tangu mzee anionyeshe ile mizizi, vuli ikianza ng'ombe wetu wanabaki kipande kimoja tu cha karibu na boma, tumekubali kiumie hicho, mwaka unaofuata tunachagua kingine, na jioni wanaongezewa mabua ya mahindi na marobota ya nyasi tuliyokata mwezi wa sita. Mwaka jana marobota yaliisha siku ya kumi na saba. Tukanunua mengine ishirini Mkata, tukafungua kipande cha korongoni siku ya ishirini na tano, nyasi iko magotini.