Shule kufunguliwa mlipuko wa ugonjwa ukiwa bado upo: maswali ya wazazi na majibu

Machi 2020, ndani ya wiki moja tu, korona ilifunga shule za Kenya, Tanzania na Uganda. Tanzania ilizifungua za msingi na sekondari tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Kenya ilianza na Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, wengine wakangoja hadi 4 Januari 2021. Uganda wapo watoto waliokaa nyumbani mpaka 10 Januari 2022. Maswali haya wazazi waliyauliza wakati ule, na wanayauliza tena kila ugonjwa mpya unapotangazwa.

Ugonjwa haujaisha. Kwa nini nimrudishe mtoto?

Kwanza ujue ni ugonjwa gani na unapita wapi. Korona hupita hewani, mtu akipumua, akiongea au akikohoa. Ebola hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyefariki, na asiye na dalili haambukizi. Kipindupindu huja na maji na chakula kilichochafuliwa. Shule iliyojiandaa kwa kimoja haijajiandaa kwa kingine. Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huko Beni na Butembo, watoto walisoma wakati Ebola ya 2018 hadi 2020 ikiendelea: walinawa na kupimwa joto getini kila asubuhi. Kwa hiyo inawezekana. Muulize mwalimu mkuu: mmejiandaaje kwa ugonjwa huu?

Shule yetu ina kipimajoto getini. Si inatosha?

Kwa korona haitoshi hata kidogo. Watoto wengi walioambukizwa hawana homa, na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kuona dalili. Kama fedha ni za kifaa kimoja tu, mimi ningezipeleka kwa fundi afungue madirisha yaliyopigiwa misumari. Madirisha ya pande mbili yakiwa wazi, hewa inapita na kutoka. Darasa likiwa na watoto 80, umbali wa mita moja ni ndoto, basi gawanyeni zamu za asubuhi na mchana, au somo la kusoma kwa sauti na kuimba lihamie chini ya mwembe.

Hatuna maji ya bomba. Watoto watanawaje?

Kwa kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo chini kidogo ya mfuniko, ulining'inize kwenye fito iliyolazwa juu ya panda mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto akikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Hagusi chochote ila sabuni. Sabuni itobolewe, ipitishwe uzi na kufunikwa kwa kopo, maana kunguru wanaipenda kweli. Chini mwaga kokoto pasifanyike tope. Kimoja kiwe karibu na choo, kingine pale wanapopokea uji.

Kunawa ni sekunde 20 au zaidi, na vidole gumba visisahauliwe. Mpangeni wa kujaza maji, kwa jina na kwa siku. Vibuyu vingi hufa wiki ya pili kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake atajaza.

Barakoa kwa watoto wadogo?

Kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani wakati wa korona, wa miaka 5 na chini hawalazimishwi. Miaka 6 hadi 11 hutegemea kiasi cha maambukizi na kama kuna mtu mzima wa kuwaangalia. Kuanzia 12 ni kama mtu mzima. Ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni, na watoto waambiwe wazi kwamba haibadilishwi na rafiki.

Mtoto ameamka anakohoa na leo kuna mtihani.

Abaki nyumbani. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, na naomba kamati za shule zinisikilize. Mzazi hafichi homa ya mwanawe kwa ubaya. Anaficha kwa sababu mtoto atakosa mtihani, uji wa saa nne, hata adhabu ya utoro atapewa. Mama anayeuza sokoni naye hana wa kumwachia. Kabla shule haijafunguliwa, tangazeni kikaoni kwamba mgonjwa hahesabiwi mtoro, kwamba mtihani ataurudia, na kwamba kuna namba ya simu ya mwalimu wa kumpigia asubuhi. Siku za kukaa nyumbani zifuate maelekezo ya wizara ya afya kwa ugonjwa huo. Akipumua kwa shida, akilegea au akishindwa kunywa, msisubiri: zahanati, sasa hivi.

Kamati ikague nini kabla ya kufungua?

Stoo kwanza. Mahindi na karanga zilizokaa miezi kwenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Zilizoota ukungu zitupwe, hata kama roho inauma. Simtanki lisuguliwe na maji ya zamani yamwagwe. Vyoo vikaguliwe mchana kweupe, maana nyuki na nyoka hupenda majengo yaliyoachwa. Mabwenini, vitanda viachane na madirisha yafunguke.

Tunaishi na bibi mwenye kisukari, na mwanangu mdogo ana siko seli.

Mtoto akirudi anawe na abadili sare kabla ya kumkumbatia bibi. Bibi apate chanjo iliyopo, na alale chumba chenye hewa. Mwenye siko seli au pumu mpelekeni kliniki kabla ya muhula, na mwalimu wa darasa apewe karatasi ya dawa zake na namba zenu. Mkienda, beba kadi za chanjo za watoto wote: shule zikifungwa, chanjo na dawa za minyoo zinazotolewa shuleni hukatika.

Binti yangu amejifungua shule zikiwa zimefungwa.

Arudi. Kenya sera inamruhusu tangu 1994, na Tanzania serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba anaweza kurudi katika mfumo rasmi. Nenda naye kwa mwalimu mkuu, msimtume peke yake. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hivyo ombeni nafasi ya kunyonyesha mchana, au akamue kabla ya kutoka. Maziwa yaliyokamuliwa yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, yasizidi saa 4 nje ya friji, na penye joto kali yatumike mapema zaidi. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kisafi, maana chupa ni ngumu kusafisha.