Je, wajua wafanyabiashara wachache wa kigeni waliendeshaje mji wao wenyewe katikati ya China?

Hankou, ambayo leo ni sehemu ya jiji la Wuhan, iko pale Mto Han unapoingia Yangtze, takriban kilomita 1,000 kutoka Shanghai kwa njia ya mto. Kufikia mwaka 1898 ukingo wake ulikuwa na maeneo matano ya kigeni yaliyopangana: la Uingereza (1861), Ujerumani (1895), Urusi na Ufaransa (1896) na Japani (1898). Ardhi ilikuwa ya China, lakini polisi, barabara na mitaro havikuwa chini ya serikali ya China.

Nguvu hiyo ilianzia kwenye hati za viwanja. Mikataba ya 1858 na 1860, ambayo China ililazimishwa kuikubali kwa mtutu wa bunduki, ilifungua Yangtze kwa biashara ya kigeni. Shanghai, kila mfanyabiashara alipatana mwenyewe na Mchina mwenye ardhi. Hankou haikuwa hivyo: serikali ya Uingereza ilikodi eneo lote kwa mkupuo, ikawa inailipa China kodi ya ardhi kila mwaka, kisha ikakata viwanja na kuvipangisha kwa miaka 99. Wenye viwanja ndio waliokuwa wapiga kura. Walikutana, wakakagua hesabu, wakapanga kodi na kuchagua baraza la mji. Kwa hiyo baraza lile lilikuwa kamati ya wapangaji tu, wengi wao wakiwa mameneja wa makampuni ya chai na meli. Mwingereza akishtakiwa, alihukumiwa na konsuli wake, wala si hakimu wa Kichina.

Fedha za kodi zilimezwa kwanza na mto. Kati ya majira ya baridi na kiangazi maji hupanda zaidi ya mita 10, kwa hiyo gati la kawaida halifai: mwezi mmoja limezama, mwingine liko juu mno. Walijaza udongo kuinua ukingo, wakajenga ukuta wa mawe wenye ngazi ndefu, na meli zikafunga kwenye majahazi makubwa yaliyotia nanga mbele yake, yakipanda na kushuka na maji. Makuli walibeba mizigo mabegani kupitia madaraja ya mbao na ngazi zile. Tatizo la ukuta wa namna hii huja maji yakishuka haraka: udongo ulio nyuma yake bado umelowa na ni mzito, unausukuma nje, na mto hauko tena upande wa pili kuuegemeza. Isitoshe, ukuta ulikinga mbele tu, ilhali mafuriko yaliweza kuzunguka kupitia mabonde ya nyuma. Upande huo wa mabonde aliyejenga tuta, mwaka 1905, alikuwa gavana mkuu wa Kichina, Zhang Zhidong.

Mto huohuo ndio uliowaleta wafanyabiashara wa kigeni. Chai ya kwanza ya mwaka ilifika sokoni mwezi Mei, maji yakipanda, hivyo meli za baharini zenyewe ziliweza kuja kupakia na kukimbilia London. Chai ya India na Ceylon (Sri Lanka ya leo) ilipolichukua soko la Uingereza, Warusi ndio waliobaki na nguvu. Viwanda vyao vilipasha mvuke vumbi la chai na kulishindilia kwa mashine liwe matofali magumu, yanayostahimili safari ndefu ya kwenda Siberia.

Na Wachina? Waliishi na kufanya kazi humo kama mawakala, makarani, watumishi na makuli, lakini hawakuwa na kura. Si kwamba hawakuweza kuendesha mji: mwaka 1906 mfanyabiashara Song Weichen alianzisha kampuni ya maji na umeme, na mnara wake wa maji uliokamilika 1909 ungali umesimama.

Januari 1927, baada ya mapambano kati ya umati wa Wachina na askari wa majini wa Uingereza, Waingereza waliondoa askari wao na umati ukaingia eneo lao. Mwezi uliofuata Eugene Chen, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya kitaifa ya China, alitia saini na Owen O'Malley, mwanadiplomasia wa Uingereza, makubaliano ya kulirudisha eneo hilo kwa China. Wenye viwanja walibaki na hati zao. Baraza jipya lilikuwa na mkurugenzi Mchina, na chini yake wajumbe watatu Waingereza na watatu Wachina.