Rege ya 1972 ambayo sehemu kubwa si ya 1972

Ikianza tu mada ya muvi iliyoushika mziki wa enzi zake, lazima mtu aitaje The Harder They Come, ile ya Jamaika aliyoigiza Jimmy Cliff na kuongozwa na Perry Henzell mwaka 1972. Mi sibishi, naipenda mno. Ila mengi yanayosemwa kuhusu saundtraki yake yamekaa upande.

La kwanza, na ndo sugu kuliko yote, eti nyimbo zilitungwa kwa ajili ya muvi. Hapana bana. Iliyotungwa kwa ajili ya muvi ni ile yenye jina la muvi, basi, hizo zingine watu walishazicheza mpaka santuri zikachubuka. Angalia miaka yenyewe: 007 ya Desmond Dekker ni ya 1967, Sweet and Dandy ya Toots na Maytals ni 1969 na mwaka huohuo ilishinda mashindano ya nyimbo za Festival kwao, Many Rivers to Cross 1969 pia, Rivers of Babylon 1970. Hata You Can Get It If You Really Want, kaitunga Cliff mwenyewe lakini Dekker ndo aliifikisha namba 2 Uingereza mwaka 1970, miaka miwili kabla ya muvi. Kwa hiyo kilichofanyika hapo ni kazi ya di-jei zaidi kuliko ya mtunzi, yaani mtu kafungua kabati la santuri za miaka mitano na kuchomoa zile zinazouma.

Na ndo maana hata kuiita yote "rege" inaleta shida kidogo. Weka 007 halafu uiunganishe na wimbo wa muvi wenyewe. 007 ni rocksteady, huo mtindo uliokuja baada ya ska, mziki wa Jamaika wa mwendo wa kasi uliotangulia, kupunguza mbio, besi ikaanza kutembea taratibu na waimbaji wakapata nafasi ya kupumua. Rege imekuja kama 1968, na Toots ndo anatajwa sana kwa kuliweka hilo neno kwenye jina la wimbo. Halafu kuna Draw Your Brakes ya Scotty, hiyo ndo nzuri sasa: jamaa haimbi, anaongea na kupiga kelele juu ya wimbo wa Keith na Tex wa 1967, Stop That Train, sauti zao unazisikia kabisa pale nyuma. Wazee wa saundi sistimu, yaani disko za mitaani zenye spika kubwa, wa Kingston walikuwa wanafanya hivyo mitaani kabla rap haijapata jina New York.

Wengine wanakwambia ukiisikiliza hiyo albamu umeusikia mziki wote wa Jamaika wa kipindi kile. Wapi! Sehemu kubwa ni mikono ya prodyuza mmoja, Leslie Kong, Mjamaika mwenye asili ya Kichina, yeye na kaka zake walikuwa na duka linaitwa Beverley's pale Kingston wakiuza aiskrimu na santuri. Jimmy Cliff akiwa bado kijana mdogo aliingia humo dukani akawaimbia wimbo wenye jina la duka lao, ili tu wamrekodi, na Kong akaingia kwenye biashara ya mziki hivyohivyo. Huyohuyo ndo alirekodi singo ya kwanza ya Bob Marley, 1962. Alifariki 1971, muvi hakuiona. Sasa Studio One, studio ya prodyuza Coxsone Dodd, ambayo ilikuwa kama shule ya nchi nzima, humo haimo. Prodyuza Lee Perry hayumo. Marley mwenyewe hayumo! Enzi unayoisikia hapo ni enzi iliyopitia zaidi mlango wa duka moja.

Kuna wanaoamini Ivan, mhusika mkuu aliyeigizwa na Cliff kwenye muvi, ni Jimmy Cliff mwenyewe. Kufanana kupo, wote vijana wa shamba waliokuja mjini kutafuta kurekodi. Ila Ivan katolewa kwa Vincent Martin, jambazi aliyeitwa Rhyging, polisi walimuua 1948, na 1948 rege ilikuwa haijazaliwa, watu walicheza mento, mziki wa kienyeji wa Jamaika. Henzell kamchukua jambazi wa miaka ya 40 akamvisha mziki wa vijana wa wakati wake, na inakaa. Jamaa anashuka mjini, mwenye mkokoteni anatokomea na mizigo yake, baadae anarekodi hiti halafu prodyuza anamwekea dola 20 mezani, chukua au acha. Mwanamuziki yeyote wa Dar au Nairobi hiyo sini haihitaji tafsiri.

Rivers of Babylon sasa. Wengi huku tunaijua ya Boney M, 1978, lakini ni ya Melodians, kundi la Jamaika, Marasta watupu, wameichukua Zaburi ya 137, kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi. Wao wanaimba wimbo wa "King Alpha", yaani Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia ambaye Marasta wanamwona Mungu, Boney M wakairudisha kuwa wimbo wa Bwana na makanisa yakapumua. Hao Boney M ndo walewale walioichukua Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa, tabia yao ilikuwa hiyo.

Na ile ya "Marley ndo aliifungulia rege dunia" sitaikalia sana: albamu yake Catch a Fire imetoka 1973, hii saundtraki ilishatangulia, tena kampuni ni ileile, Island.

Jingine dogo, watu wanaihesabu kuwa ni nyimbo 12. Traki ni 12, nyimbo ni 10, mbili zimerudiwa mwishoni, kwa hiyo ikifika ya 11 usidhani pleya imerudi mwanzo.