Chambo cha kambare hakihitaji kuoza

Wavuvi wengi wa ndoano hufundishana kwamba kambare hunaswa kwa chambo kinachonuka, hivyo maini ya kuku huanikwa juani siku mbili. Ni kweli kambare hula mizoga. Lakini uvundo tunaousikia ni ule unaosambaa hewani; samaki hutambua kilichoyeyuka majini, hasa asidi amino (chembe zinazojenga protini), nazo zimejaa tele kwenye damu, maini mabichi na minyoo. Sharubu zake nane na ngozi yake huonja kama ulimi, kwa hiyo hata kwenye maji ya tope, usiku wa giza, huifuata ladha hadi ilipo.

Maini yaliyooza yana hasara nyingine, na ndiyo kubwa zaidi: hulegea na kudondoka unaporusha, ukabaki na ndoano tupu majini. Kata maini mabichi vipande vya sentimita 3, nyunyiza chumvi, acha yakaze usiku kucha. Toboa kipande kwa ndoano mara mbili, kifunge kwa uzi wa kushonea, ncha ya ndoano ibaki wazi. Badilisha kila dakika 20 hadi 30. Kipande kilichopauka kimeshaoshwa ladha. Kupaka mafuta ya kupikia hakusaidii: hayayeyuki, huelea juu, na kambare kwa kawaida hutafuta chakula chini.