Kwa nini dagaa huchacha na chumvi haichachi

Ninapima samaki maabara hapa Mwanza, na wauzaji wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba huniuliza sana: dagaa wamekauka, maji hayamo, mbona wakikaa wanageuka manjano na kukereketa kooni? Wanaochacha si dagaa wote, ni mafuta yao.

Nikitia dagaa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550 za Selsiasi, hugeuka mkaa, kisha weusi wote huondoka, yakabaki majivu. Kilichoondoka ni kampaundi za kikaboni, zile zilizojengwa kwa kaboni iliyoungana hasa na hidrojeni: hapa ni protini na lipidi, yaani mafuta na jamaa zake. Kaboni yake imeungana na oksijeni ikapaa kuwa kabonidayoksaidi. Majivu ni madini, hasa kalisi na fosforasi ya mifupa, na hayo hayana cha kuungua. Chumvi ya mezani ni vivyo hivyo: huyeyuka kwenye nyuzi 801, lakini haiungui, na ndiyo maana haichachi, kwani kuchacha nako ni kuungana na oksijeni.

Kuwa na kaboni tu hakutoshi kitu kiitwe cha kikaboni. Magadi yana kaboni, ila imeshikwa na oksijeni peke yake, hivyo wanakemia huyahesabu kuwa si ya kikaboni. Wala si lazima kitu kitoke kwa kiumbe hai: mwaka 1828 mwanakemia Mjerumani Friedrich Wöhler alipata urea, kampaundi ya kikaboni iliyomo kwenye mkojo, bila figo ya mnyama yeyote. Inaniuma kuona wanafunzi bado wanakaririshwa kwamba kikaboni maana yake ni cha viumbe hai.

Lipidi hutambulika kwa kukataa maji na kuyeyuka katika viyeyushi kama heksani. Mafuta mengi tunayokula ni molekuli ndogo ya gliseroli iliyobeba asidi mafuta tatu, ambazo ni minyororo mirefu ya kaboni. Asidi ya steariki, iliyo nyingi katika mafuta ya ng'ombe, ina kaboni 18 na kati ya kaboni hizo haina kifungo maradufu (pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili) hata kimoja; minyororo yake hulala sambamba, ndiyo maana mafuta hayo huganda. Samaki wana pia asidi mafuta iitwayo DHA, yenye kaboni 22 na vifungo maradufu sita. Mnyororo huo umepinda, haupangiki vizuri, kwa hiyo hubaki kimiminika. Faida hiyo ina gharama: hidrojeni iliyo kati ya vifungo viwili vya aina hiyo hung'oka kwa urahisi, oksijeni ikaingia, na molekuli moja iliyoharibika huiharibu ya jirani.

Jua huchochea kazi hiyo. Chuma kilichomo kwenye damu, nacho si cha kikaboni, huchochea pia. Kukausha kunawazuia bakteria, hakuizuii oksijeni. Na wanaoongeza chumvi wakidhani italinda mafuta, nawasihi waelewe kwamba inaweza hata kuharakisha kuchacha.

Anikeni kwenye vichanja, dagaa wakikauka waondoeni juani mapema, kisha wafungeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Sangara mwenye mafuta mengi ni heri afukizwe moshi: fenoli za moshi, ambazo ni kampaundi za kikaboni, hukatiza mnyororo huo wa uharibifu.