Je, Wajua kwa Nini Mashujaa wa Anga za Juu Hukataa Kummaliza Adui?

Ukiketi katika kibanda cha video Uganda, iwe Kampala au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale ambako Kiswahili cha Wakongomani husikika kila upande, filamu ikikaribia kwisha utasikia sauti zikipazwa: "Mmalize!" Adui yuko chini, silaha imemponyoka, shujaa amesimama juu yake, na watazamaji wamechoka kusubiri. Filamu nyingi za mapigano huwapa wanachotaka. Lakini tamthilia za televisheni za sayansi ya kubuni, zile za vyombo vya anga na viumbe wa sayari nyingine, zina tabia ya kugoma hapo hapo. Shujaa anashusha silaha, kisha kipindi kizima kinapita watu wakibishana: adui huyu atibiwe, aachiliwe, au auawe? Kwa nini tamthilia za aina hii zimeng'ang'ania swali hilo?

Asili yake ni udhibiti wa yale yanayoruhusiwa kuonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 1955 kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili katika jimbo la Mississippi, Marekani. Mwandishi Rod Serling aliguswa na mauaji hayo, na mwaka 1956 akaandika mchezo wa televisheni juu ya mji unaomlinda muuaji. Wadhamini walihofia kuwaudhi watazamaji wa majimbo ya Kusini. Mchezo ukahamishiwa New England, aliyeuawa akageuzwa mgeni tu asiye na jina, na makali yote yakaisha. Mwaka 1959 Serling akarudi na tamthilia ya visa vya ajabu, The Twilight Zone, akiwa ameshaelewa kwamba neno linalokatwa likisemwa na Mmarekani wa kawaida hupita salama likisemwa na kiumbe wa sayari ya Mirihi. Gene Roddenberry alipita njia hiyo hiyo alipoanzisha Star Trek, tamthilia ya wasafiri wa anga za juu, mwaka 1966, Marekani ikiwa katikati ya Vita vya Vietnam. Huruma kwa Mvietnamu ingezua ghadhabu sebuleni. Huruma kwa kiumbe mwenye magamba ilisikilizwa hadi mwisho.

Kiumbe huyo wa magamba alikuwepo kweli. Katika sehemu ya "Arena" ya mwaka 1967, Kapteni Kirk anapiganishwa na nahodha wa Wagorn, kabila la mijusi lililoteketeza kituo cha watu wake. Anamshinda, kisha anakataa kumuua, kwa sababu katikati ya pambano amesikia upande wa pili: kwa Wagorn, kituo kile kilijengwa kwenye ardhi yao. Ni hadithi ya wazi, hata mtoto anaielewa, na mwenye huruma anasifiwa papo hapo.

Serling alikuwa ameshakwenda mbali zaidi mwaka 1961, katika sehemu iitwayo "A Quality of Mercy". Jina hilo limetoka kwa Shakespeare, kwenye hotuba ya Portia kuhusu huruma, ile iliyomo katika mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Luteni Mmarekani, Agosti 1945, anataka kuvamia pango lenye Wajapani majeruhi walioishiwa nguvu. Ghafla anajikuta yeye ni Mjapani, mwaka ni 1942, na waliomo pangoni ni Wamarekani. Anaanza kuwaombea. Hakuna hoja mpya aliyopewa, amehamishwa upande tu.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya hadithi hizi. Mtazamaji akiletewa kisa cha kabila fulani na kabila fulani, amekwisha kuchagua upande kabla hajakaa vizuri. Akiletewa Waklingoni na Waromula, jamii mbili za kubuni zenye uhasama katika Star Trek, hana shangazi aliyeuawa na yeyote kati yao. Anapima tendo kwanza, ndipo baadaye, akiwa njiani kurudi nyumbani, anagundua amemhukumu nani.

Tazama "The Enemy" ya mwaka 1989, katika Star Trek: The Next Generation. Mromula mmoja analetwa kwenye chombo cha Kapteni Picard akiwa mahututi. Daktari Crusher anatafuta mtu wa kumtolea kiungo cha seli kinacholingana na mwili wake, na katika chombo kizima anapatikana mmoja tu: Worf, Mklingoni ambaye wazazi wake waliuawa na Waromula. Anakataa. Daktari anamsihi, Picard anamwita faraghani na kumweleza kwamba mtu huyo akifa vita vinaweza kuzuka, na bado anakataa. Mromula mwenyewe anasema heri afe kuliko mwili wake kuchafuliwa na kitu cha Mklingoni. Anakufa kweli.

Picard angeweza kutoa amri. Hakutoa. Nadhani huo ndio uamuzi bora zaidi katika sehemu ile, ingawa watazamaji wengi huuona kama udhaifu. Mikataba ya Geneva ya 1949, ambayo Uganda ilijiunga nayo mwaka 1964, inadai majeruhi wa adui atibiwe kama majeruhi mwingine yeyote, na daktari wa chombo alitimiza hilo. Lakini kumlazimisha yatima atoe sehemu ya mwili wake kwa watu waliomwacha yatima ni jambo jingine kabisa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Tamthilia inamwachia Worf jeraha lake, na inamwachia mtazamaji maiti ya Mromula. Hakuna kati ya hayo mawili linalofuta jingine.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni "I, Borg" ya mwaka 1992. Waborg ni adui asiye na nafsi: miili iliyofungwa vyuma, akili zimeunganishwa kuwa moja, na kila jamii wanayoikuta wanaimeza. Picard anawajua kwa mwili wake. Katika simulizi ya mwaka 1990 walimteka, wakamgeuza silaha, wakamtumia kuwaangamiza maelfu ya wenzake. Sasa chombo chake kinamwokota Mborg mmoja kijana, majeruhi, aliyepotezana na wenzake. Mpango unapangwa: atibiwe, apandikizwe fumbo la kikompyuta lisilo na jibu, arudishwe kwao, na fumbo hilo lisambae kama ugonjwa mpaka Waborg wote wafe. Mwanzoni karibu wote chomboni wanaafiki.

Kinachoharibu mpango ni jina. Fundi La Forge, anayemfanyia vipimo, anachoka kumwita kwa namba, anampa jina Hugh. Polepole Hugh anaanza kumwona La Forge kama rafiki. Guinan, mwanamke ambaye watu wake walikaribia kumalizwa na Waborg, anakwenda kumtazama akiwa na hasira, anatoka akiwa na mashaka. Picard mwenyewe anakutana naye mwisho, anamjaribu kwa kujifanya bado ni mmoja wao, anamwamuru asaidie kuwateka wenzake wa chomboni. Hugh anakataa, akisema "mimi" badala ya "sisi", kwa sababu La Forge ni rafiki yake. Mpango unafutwa. Hugh anarudi kwao kwa hiari, ili Waborg wasije kuwasumbua waliomtendea wema.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu mno. Mwaka 1993, katika "Descent", inajulikana kwamba nafsi ya Hugh ilivuruga kundi lake, na katika vurugu hiyo likaangukia mikononi mwa kiongozi katili zaidi. Waborg wanashambulia tena, watu wanakufa, na mkuu wa jeshi anamkemea Picard waziwazi: kazi yako ni kulinda raia, na nafasi kama ile ikija tena, itumie. Waswahili wanasema fadhila ya punda ni mateke, na wanasema pia tenda wema nenda zako. Waandishi wa tamthilia ile walikuwa na ujasiri wa kuonyesha ukweli wa methali zote mbili kwa mtu mmoja. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha hadithi ya huruma: je, inamlipa mwenye huruma mwishoni? Ikimlipa, imetufundisha biashara.

Ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni fedha. Vyombo vya anga na milipuko ni ghali. Bajeti ya msimu inapokauka, watayarishaji huandaa sehemu ya bei nafuu: watu wawili, chumba kimoja, maneno. Na ukimfungia mtu chumbani na adui yake bila bunduki, watazungumza nini kama si haki na msamaha? Ndivyo ilivyozaliwa "Duet" ya mwaka 1993, katika Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek. Meja Kira, aliyepigana msituni tangu utotoni dhidi ya Wakardashia waliotawala nchi yake, anaamini amemkamata mchinjaji wa kambi ya Gallitep. Mfungwa anajigamba, anasimulia mauaji kwa furaha, anadai ahukumiwe. Uchunguzi unaonyesha mchinjaji halisi alikwisha kufa. Huyu ni Marritza, karani wa kambi, aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio, na aliyejibadilisha sura ili ashtakiwe kwa niaba ya taifa lisilotaka kukiri. Kira anamfungulia mlango. Wakiwa wanatembea pamoja, Mbajori mmoja, mtu wa taifa la Kira, anamchoma kisu Marritza. Kira anauliza kwa nini, anajibiwa kwamba kuwa Mkardashia kunatosha. Anasema hapana, hakutoshi.

Kwa mtazamaji wa Uganda, hilo si jambo la sayari ya mbali. Katika sehemu ya "Men Against Fire" ya tamthilia ya Black Mirror, mwaka 2016, askari wamepandikizwa kifaa kinachowafanya wawaone binadamu kama majitu yaitwayo mende. Mwaka 1994 nchini Rwanda hakikuhitajika kifaa. Redio ilitosha kuwaita watu mende, na miili iliyoteremka na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria ilizikwa na Waganda kwa maelfu, Kasensero, Lambu na Ggolo.

Halafu kuna Dominic Ongwen. Alitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wa kaskazini mwa Uganda akienda shuleni, akiwa na miaka tisa hivi, akakulia humo hadi akawa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, yakiwemo mashambulizi dhidi ya kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Majaji walikataa hoja kwamba alitenda kwa kulazimishwa, lakini walipopanga adhabu walitia maanani kutekwa kwake utotoni, wakampa miaka 25. Maelfu ya waasi wengine walikuwa wamekwisha kusamehewa chini ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo viongozi wa dini wa Acholi waliipigania wakati watu wao wenyewe ndio waliokuwa wakiuawa. Na Waacholi wana mato oput, kunywa mzizi mchungu pamoja kati ya koo mbili, baada ya kosa kukiriwa na fidia kukubaliwa.

Angalia mpangilio huo: kukiri, fidia, ndipo kinywaji. Marritza alitafuta hatua ya kwanza mpaka ikamgharimu uhai. Hugh hakuwa na cha kukiri, maana hakuwahi kuwa na nafsi ya kutenda kosa. Ongwen yuko katikati yao, mtekwa na mtekaji katika mwili mmoja, na sijaona tamthilia iliyothubutu kumweka mtu wa namna hiyo mbele yetu kwa saa nzima bila kumfunika kwa vyuma vya Kiborg.

Anayetaka kuanza kutazama, aanze na "Duet", maana haihitaji kujua chochote cha nyuma. "I, Borg" na "Descent" zitazamwe kwa kufuatana, tena siku hiyo hiyo ikiwezekana. Ukiitazama ya kwanza peke yake, utamsifu Picard kabla hujaona bei aliyolipa.